Waliohesabiwa kwa Misonobari

Kuopio, 11 Septemba 1988

Kaka Tauno,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama, pamoja na Mansikki, ng'ombe unayempenda kuliko ndugu zako wote. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Pentti amenunua baiskeli ya mazoezi ya ndani kwa ajili ya kitambi chake, na mpaka leo kazi yake ni kuanikia mashati. Mwambie mama soksi alizotuma zimefika, zimenitosha, ila visigino vinabana kidogo.

Sasa nije kwenye jambo langu. Nimehamishiwa chumba kingine maabarani. Zamani nilipima mikojo ya watu. Siku hizi nakata vipande vya mishipa ya moyo ya marehemu, vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, navitia rangi inayoshika mafuta peke yake, kisha nachungulia kwa hadubini. Nakuandikia kwa sababu ya kitu nilichokiona humo.

Damu ina chembe za ulinzi. Kazi yake ni kula uchafu: vijidudu, vipande vya chembe zilizokufa, chochote kisichotakiwa. Lehemu, yale mafuta ya damuni, ikizidi na kupenya kwenye ukuta wa mshipa, mlinzi huyo huifuata humo na kuila. Mzigo ukiwa wa kadiri, huukabidhi kwa wachukuzi wanaourudisha kwenye ini, naye akabaki mwepesi. Ukiwa mkubwa hawezi kumaliza kuukabidhi, wala hajui kusema basi. Hula mpaka akavimba, akajaa matone matupu kama povu la sabuni, akashindwa kutoka alimoingia. Hufia humo humo ukutani. Wenzake wakija, humla yeye na mzigo wake. Lundo hukua kimyakimya miaka na miaka, hadi siku linapopasuka, damu ikaganda juu yake, na mtu akaanguka zizini na ndoo mkononi.

Unajua ninamsema nani.

Wiki iliyopita daktari wetu aliniletea kipande kisichotoka moyoni. Kilitoka kwenye kinundu cha kidole cha mtu aliye hai. Nikakitia rangi, nikakuta povu lile lile, walinzi wale wale waliojaa mafuta. Kaka, nilikaa chini. Mkono wa baba unaukumbuka? Wa babu, na wa baba mdogo Väinö? Vile vinundu vilivyoitwa "vinundu vya shoka", ambavyo wanaume wa kwetu waliwapapasisha wageni wakipeana mikono, ili wajue hapa pana watu wa kazi? Si shoka lililovileta. Kilichokuwa kikijaa moyoni mwao kilichomozea mikononi.

Babu alikufa na miaka arobaini na mitano. Väinö vivyo hivyo. Baba arobaini na sita. Wewe Januari unatimiza arobaini na sita. Njoo Kuopio upimwe damu. Na uniambie vidole vyako vikoje.

Mdogo wako,
Raili

*

Hukkavaara, 30 Oktoba 1988

Mdogo wangu Raili,

Nimekawia kujibu, usininunie. Viazi vilitaka kutolewa kabla ardhi haijaganda, halafu ukaingia msimu wa kulungu. Tumeangusha wawili, fungu letu liko kwenye friza. Mama mzima, ila masikio yanazidi kwenda likizo. Juzi mchungaji alimuuliza kuhusu usharika, akamjibu kwamba maziwa yamepungua. Mansikki anakusalimu. Ni kweli nampenda kuliko ninyi: yeye haandiki barua za kutisha.

Huyo mlinzi wako anayekula mpaka akashindwa kutoka mlangoni, sisi huku tunamfahamu. Ndiye mweka hazina wa chama chetu cha maziwa.

Kuhusu vidole, umenishangaza. Unaijua mikono yangu, na ukoo mzima unaijua. Hukuwepo siku baba aliponishika mkono mbele ya Väinö na wale wakata magogo kutoka Lieksa, akaugeuza huku na huku, akasema, "Tazameni jamani, huyu amezaliwa na mikono ya kasisi. Shoka halijampenda"? Walicheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kuanzia siku ile nilikata magogo kuliko mtu yeyote bonde hili. Vinundu havikuja. Havijaja mpaka leo, kama ndicho unachotaka kucheka na wenzako wa maabara.

Kuja siji. Nitamwachia nani ng'ombe? Isitoshe, kwa kujulishwa jambo analolijua, mtu hahitaji sindano.

Kaka yako,
Tauno

*

Kuopio, 14 Novemba 1988

Kaka,

Salamu za theluji ya kwanza. Pentti ameteleza mlangoni, ameumia heshima tu. Kazini wananipandisha na kunishusha ngazi kutwa nzima, na siku hizi nafika juu nahema kama mzee. Uzee hauna hodi.

Sikukucheka. Soma tena barua yangu bila hasira. Mikono laini huenda ikawa habari njema kuliko zote zilizowahi kutoka nyumbani kwetu, ila damu ndiyo itakayosema kweli. Ugonjwa huu unarithiwa: mzazi akiwa nao, kila mtoto ama anaupata ama anaukosa, kama kurusha sarafu. Na sasa dawa ipo, mpya kabisa, inayolifanya ini livute lehemu kutoka kwenye damu. Baba hakuwa nayo, wewe unaweza kuwa nayo. Kwa nini unanijibu kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa?

Nina la pili. Nilimpigia mama simu Jumapili. Baada ya kupiga kelele sana tukaelewana, akaniambia, "Tauno analala saunani." Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu theluji ya mwaka jana. Usimsumbue, mwanaume ana mambo yake." Tauno, una kitanda, una chumba, una jiko la kuni. Unalala saunani, kwenye kibanda cha kuogea mvuke, kwa nini?

Tangu utotoni wewe ni mtu wa kufunga mlango wakati watu wamo ndani wanaongea. Ulimrudishia mchumba wako Sirkka pete bila neno moja. Alikuja kwangu akalia siku nzima, akaniuliza amekosa nini. Miaka ishirini na miwili imepita na sijui mpaka sasa. Usinifanyie na mimi hivyo.

Raili

*

Hukkavaara, 6 Januari 1989

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi ilikuwa tulivu. Mama alioka vile vibumunda vyetu vya uji wa wali, akavichovya kwenye siagi mpaka vikaelea. Nilikula sita. Najua utakachosema.

Barua yako nimekaa nayo mfukoni tangu Novemba. Leo ni sikukuu, hakuna kazi, basi nakujibu, na nikimaliza naipeleka sandukuni hapo hapo kabla sijaghairi.

Desturi yetu unaijua, lakini acha niiandike, maana mkono unataka pa kuanzia. Maiti ikipelekwa kanisani, jeneza husimamishwa njiani, watu wakachagua msonobari, wakaupunguza matawi, wakachonga msalaba, jina na mwaka. Marehemu akitamani kurudi nyumbani huuona mti wake, akakumbuka kwamba amekufa, akageuka. Kwenye njia yetu kuna wa babu, wa Väinö na wa baba, wamefuatana.

Vuli ile tulipomzika baba nilichukua shoka nikaenda peke yangu. Baada ya wa baba upo msonobari mmoja mzuri, ulionyooka. Nikaupunguza matawi. Nikachonga msalaba na jina langu. Mwaka sikuuchonga, niliacha nafasi. Usiniite mwendawazimu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hesabu ilikuwa wazi pale njiani kwa kila mwenye macho. Nilitaka kuwapunguzia watu kazi.

Miaka mingi haukunisumbua. Lakini tangu nilipotimiza arobaini na mitano, nikirudi kutoka dukani na kufika pale, miguu husita. Moyo haudundi, jasho halinitoki. Nasimama tu nikasoma jina langu, na haja ya kuendelea nyumbani inaniisha. Nageuka, nazunguka kupitia kinamasi, natokea ziwani kwenye sauna. Ndiyo maana nalala huko. Ukitokea ule upande mwingine huuoni mti.

Na lipo jingine, ambalo sikupanga kuliandika. Unajua mama Jumamosi huacha saunani mvuke wa mwisho na ndoo ya maji ya moto kwa ajili ya roho ya baba. Jumamosi moja nilichelewa msituni, nikaingia zamu ya baba. Mama akaja, akabisha mlango. Akasema, "Eino, maji yanatosha?"

Nikamjibu, "Yanatosha, Hilja."

Akaenda zake ameridhika, nikamsikia akiimba njiani. Tangu hapo hubisha kila Jumamosi, na kila Jumamosi namjibu. Sijui kama anajua. Mimi mwenyewe, Raili, kuna nyakati sijui. Mbwa wa jirani hanibwekei tena.

Wiki ijayo natimiza arobaini na sita. Asante kwa habari za walinzi. Nawaonea huruma, wanafanya kazi waliyopewa.

Tauno

*

Kuopio, 13 Januari 1989

Tauno!

Sikusalimii. Nimesoma barua yako nimesimama jikoni na nimelia mpaka Pentti akadhani umekufa. Nikamwambia hajafa, anajizoeza!

Mtu hajiziki. Hata wazee wetu waliochonga miti yote ile hawakumchongea mtu anayepumua. Na sasa naelewa pete ya Sirkka. Vuli ile ile, sivyo? Ulitoka msituni na shoka ukaenda moja kwa moja kwa Sirkka. Hukutaka kumwachia ujane. Ungemwambia, Tauno! Angechagua mwenyewe!

Nimeongea na jirani yako Reino kwa simu. Atakamua ng'ombe wako siku mbili. Ndani ya bahasha hii kuna tiketi ya basi la tarehe ishirini na nne. Usipokuja, nitakuja mimi na sindano, na nitakuchoma mbele ya Mansikki.

Raili

*

Kuopio, 5 Februari 1989

Kaka yangu,

Nashukuru kwamba ulikuja. Pentti bado anasimulia ulivyomkatalia muuguzi kulala chali, ukamwambia ng'ombe ndio hulazwa. Ulikaa kwetu usiku mmoja na hatukusema lolote la maana, lakini nilikusikia ukikoroma kitandani, kitanda cha watu, na nilifurahi.

Majibu yametoka. Nimeyasoma mwenyewe, kisha nikamwomba daktari ayasome, kisha nikaomba damu ipimwe upya, maana sikujiamini. Keti kabla hujaendelea.

Huna, Tauno. Lehemu yako ni ya mtu wa kawaida wa mkoa wetu, yaani siagi upunguze, basi. Sarafu yako iliangukia upande mwema siku ulipotungwa mimba. Mikono ile waliyoicheka ndiyo iliyokuwa ikisema kweli muda wote. Moyo wako umepigwa picha, mishipa yake iko wazi. Daktari anasema unaweza kufika themanini, usipopigwa teke na ng'ombe.

Kuna jambo lingine, lakini hili la leo ni lako peke yako, na nataka ulifurahie. Lingine litangoja.

Mdogo wako anayekupenda,
Raili

*

Hukkavaara, 12 Machi 1989

Raili,

Mama mzima. Ng'ombe wazima. Theluji bado inafika kiunoni.

Ulinitaka nifurahi, na nimejaribu. Siku barua ilipofika nilitoka nje nikatafuta kuni za kupasua, nikakuta zimepasuliwa zote. Nikapiga kelele. Mimi, Raili, kelele za mtoto, mpaka Reino akaja na bunduki akidhani ni dubu. Nilikuwa na hasira ambayo sikuijua jina. Nilikuwa nimekaa kama mtu anayengoja basi, hathubutu kwenda hata kununua mkate lisije likampita. Unakuja wewe na kuniambia basi hilo halikuwahi kupangwa kupita hapa.

Jumapili nilikwenda kwa Sirkka, kule Juuka. Usiniulize nilipata wapi ujasiri. Mumewe alikuwepo, mtu mwema, alinikaribisha, kisha kwa adabu akakumbuka kwamba ana kitu cha kutengeneza kwenye banda la mashine. Sirkka amenenepa, ana miwani, sauti ni ile ile. Nikamweleza yote, baba, mti, hesabu, majibu yako. Akasikiliza mpaka mwisho.

Akasema, "Kwa hiyo hukuwa mgonjwa."

Nikasema, "Sikuwa."

Akasema, "Nami nilikungoja miaka minne, nikidhani una mwanamke Joensuu. Nilimchukia huyo mwanamke, Tauno. Nilimpa mpaka sura."

Tukacheka, wote wawili, vibaya sana. Halafu akaondoa vikombe mezani, akanipa mgongo kwenye beseni, na hakugeuka tena mpaka nilipoaga.

Sasa mimi nakuuliza wewe. Ulisema kuna lingine. Nilipokuwa kwenu ulivua viatu, ukaweka miguu juu ya kiti, na nyuma ya visigino niliona vile vinundu. Ulivuta haraka blanketi. Sikusema kitu, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Sasa nasema. Umepima damu yako?

Tauno

*

Kuopio, 2 Aprili 1989

Kaka Tauno,

Nimepima. Nilipima Septemba, kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Lehemu yangu iko juu sana, zaidi ya mara mbili ya yako.

Nilijua siku ile ya kile kipande cha kidole. Nilirudi nyumbani nikavua soksi, nikapapasa. Nilikuwa navyo miaka mingi, nikilaumu viatu, kuteleza kwenye theluji na soksi za mama. Basi nikafanya kama watu wetu: nikakusukumia wewe habari ambayo ilikuwa yangu. Kukuogopea wewe kulikuwa kazi nyepesi.

Na nimegundua tulivyokosea sisi sote. Tulihesabu misonobari ya njia yetu, tukasema wanakufa wanaume. Lakini wanawake wa kwetu huolewa, hufia parokia za watu, hupelekwa kuzikwa kwa njia nyingine. Nani alikwenda kutazama njia ya Nurmes? Shangazi Lempi alikufa na miaka hamsini na miwili, wakasema ni huzuni ya kufiwa na mume. Nilimuuliza binti yake kwa simu. Visigino vyake vilikuwa na vinundu, alivaa viatu vya kiume maisha yake yote. Bibi mkubwa Anni wa Rautavaara vivyo hivyo. Kanuni ile ile, ugonjwa ule ule, unachelewa tu kidogo kwetu. Hakuna aliyetuhesabu, kwa sababu tulikwenda kufia mbali.

Wiki iliyopita nilikaa hospitali siku tatu. Maumivu ya kifua, ngazini. Hayakuwa makubwa. Mishipa miwili imebana, mmoja vibaya. Nameza dawa ile mpya, na huenda wakanifungua kifua vuli. Daktari anazungumza kwa matumaini, naye si mwongo.

Lakini mimi ndiye ninayekata vile vipande, kaka. Najua walinzi wale walivyo. Nikifumba macho nawaona, wamejazana ukutani, wazito, wanaendelea kula kwa sababu hakuna aliyewaambia waache. Kazini siku hizi nikiinamia hadubini nadhani natazama ndani yangu. Nikimpa Pentti kikombe namtazama kama ninayemuaga. Nimeanza kugawa nguo.

Wewe umekaa na jambo hili miaka ishirini na miwili. Hakuna mwingine ninayeweza kumuuliza. Mtu anaishije akijua?

Raili

*

Hukkavaara, 5 Aprili 1989

Raili mdogo wangu,

Barua yako imefika leo asubuhi, na mtu wa posta anangoja jikoni akinywa kahawa mpaka nimalize hii, kwa hiyo mwandiko utausamehe.

Usiniulize mimi. Mimi nilijua, na sikuishi. Muulize Pentti, muulize mchungaji, muulize Mansikki, muulize yeyote isipokuwa mimi. Nina ujuzi mmoja tu, nao ni wa kutofanya, nakupa wote. Sijanunua koti jipya tangu mwaka 1970, nikisema hili la baba litatosha kwa muda uliobaki. Mabega yametoboka, naona baridi kila siku ya Mungu. Sikupanda mtufaha kwa sababu unachukua miaka saba kuzaa. Sikujifunza kucheza dansi. Mtoto wa Reino alipozaliwa waliniomba niwe baba wa ubatizo, nikakataa nisije nikamwachia kilio. Ameoa mwaka jana, yule mtoto. Nilisimama mlangoni mwa kanisa.

Na hata ningekuwa mgonjwa kweli ingekuwa sawasawa, Raili. Mwenye ugonjwa angefanya yale yale na angekuwa amekosea vile vile. Hilo ndilo lililonifanya nipige kelele siku ile, na leo nimelijua jina lake.

Zile nguo ulizogawa, kazirudishe. Ukiona haya, nitakwenda kuzidai mimi.

Dawa umeze. Kifua wakifungue. Nami naogopa, naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili yangu. Mtu wa posta ananitazama. Usife. Nimeanza juzi tu kuwa na ndugu.

Jumatano ijayo nakuja kwa basi la saa nne. Ukiweza kutembea, twende dukani pole pole, nitakushika mkono. Tukanunue makoti, mimi langu na wewe lako. Ya sufu nzito, ya bei ghali, yale ambayo muuzaji hukwambia yatadumu miaka ishirini.

Kaka yako,
Tauno